Kamba Iliyostaafu Isishike Tena Roho ya Mtu

Hotuba hii ilitolewa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, baada ya sala ya alasiri. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya jamaa wa Faza, Kizingitini na Kiunga ambao bahari haikuwaruhusu kufika, na vijana wetu walio Mombasa na ng'ambo.

Assalaam aleikum.

Wazee wangu, manahodha, mafundi wa visima, wenye punda, mama zangu wa Matondoni na Kipungani, vijana: ahsanteni kwa kuja. Najua upepo wa leo ni wa kazi, na kila aliyeketi hapa kuna jambo ameliacha.

Kamba hizi mnazoziona hapa chini zilikuwa na kazi moja tu, kumshika mtu asianguke akafa. Ni za wapanda majabali wa Nairobi. Zimepanda nao Lukenya, zimepanda Hell's Gate kule Naivasha, na nyingine zimefika Mlima Kenya. Sasa zimestaafu. Wenyewe hawazitumii tena, na kuzitupa jalalani roho zinawasuta, ndipo wakanikabidhi nizilete kwetu. Nimekuja kuwaeleza kazi ambazo kamba hizi zaweza kuzifanya Lamu, na kazi moja ambayo hazitaifanya kamwe. Hiyo moja ndiyo iliyonifanya niombe mkutano huu.

Haya, kwanza tuijue kamba yenyewe.

Wengi mnanijua, mimi ni wa mtaa huu wa Langoni. Kazi yangu ni ya kuning'inia. Naosha vioo vya maghorofa, napaka rangi minara, na siku za mapumziko napanda majabali na wenzangu. Kwa hiyo nikizungumza habari za kamba, nazungumza habari za kitu ninachokitegemea niwaone wanangu jioni.

Kijana, wewe wa fulana ya kijani, sogea. Shika ncha hii. Nimeikata kwa kisu kusudi watu waone ndani. Kamba tulizozizoea huku, za usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, au za plastiki za dukani, zimesokotwa, nyuzi zinazungukana na zote ziko nje. Hii haikusokotwa hivyo. Ina kiini na ina ala. Kiini ni hizi nyuzi nyeupe zilizolala ndani. Ala ni huu mfuko wa rangi uliosukwa kuzizunguka. Ala yakinga, kiini chabeba. Mtindo huu uliletwa na kampuni ya Edelrid ya Ujerumani mwaka 1953, na hadi leo kamba za kupandia zinatengenezwa hivyo.

Kabla ya hapo je? Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder na waongozaji wake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, mita 5,199. Nailoni, ambayo ndiyo iliyotengeneza kamba hizi, haikuwapo duniani. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 huko Marekani, katika maabara ya DuPont, na timu ya Wallace Carothers. Watu wa 1899 walijifunga kamba za nyuzi za mimea, zisizo mbali sana na usumba wetu. Kamba za namna ile hazikuwa na msamaha. Mtu akianguka kwa kishindo, huenda kamba ikakatika, na isipokatika ikamvunja yeye.

Kamba hii imetengenezwa ili isamehe. Maabara wanaipima kabla aina yake haijaruhusiwa kuuzwa. Wanafunga chuma cha kilo 80, wanakiachia kianguke, kamba inakidaka. Kisha tena. Kisha tena. Kwa kamba ya kutumiwa peke yake, kanuni za Ulaya na za UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, zinataka ihimili angalau maanguko 5 makali ya namna hiyo bila kukatika. Katika kuudaka mwanguko wa kwanza yaruhusiwa kurefuka hadi asilimia 40. Kwa nini irefuke? Kwa sababu ndani ya kule kurefuka ndimo kishindo kinamomalizikia. Yule mtu anapunguziwa mwendo kabla hajasimamishwa.

Lakini kila inapodaka, inatoa kitu ambacho hakirudi. Mchanga unaingia ndani ya ala na kukereza nyuzi. Jua linaila nailoni. Kona ya jiwe inaikata. Mtu anayepanda kila wiki anaambiwa aibadilishe baada ya mwaka mmoja hivi, na watengenezaji wengi wanasema ikifika miaka 10 iachwe, hata kama ilikaa kabatini haijawahi kufunguliwa.

Mtaniuliza, kwani haionekani kwa macho kwamba imechoka? Wakati mwingine yaonekana. Wakati mwingine haionekani, na hapa nataka mnisikilize sana.

Mwenzangu mmoja alitoka safari ya Lukenya na kamba ambayo haijamaliza mwaka. Alipofungua buti ya gari aliikuta imelala ubavuni mwa betri kuukuu iliyovuja. Tuliipitisha yote mikononi, mita kwa mita, tukiibinya kwa vidole. Hatukuona alama. Rangi ni ileile, ulaini ni uleule. Akatoa kisu akaikata vipande vipande palepale. Kuna kijana alishangaa, akamwambia, mbona waharibu kamba nzima? Akajibiwa, "Nani amekwambia ni nzima?" Tindikali ya betri huivunja nailoni ndani kwa ndani na nje ikabaki kama ilivyokuwa. Kamba ya namna hiyo itakubeba ukining'inia taratibu, na siku utakayoanguka itakatika. Siku uliyokuwa ukiihitaji.

Basi kamba hizi zilizo hapa, kila moja ina sababu ya kuachwa. Nyingine sababu ni umri tu, nyingine zimedaka sana, nyingine mwenyewe aliingiwa na shaka na akaiheshimu shaka yake. Mimi siwezi kuwaambia ni ipi imara na ipi mbovu. Hakuna anayeweza bila kuivuta mpaka ikatike, na ikishakatika umebaki na nini? Kwa hiyo zote, bila kubagua rangi wala unene, zina sharti moja. Haishiki mtu. Tusemeni pamoja: haishiki mtu.

Na hapa pana kisa kilichoninyima usingizi.

Mnajua maji ya mji huu yanatoka kwenye visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mnajua pia kwamba kisima huchimbwa na mtu, na kisima kikiziba hushuka mtu. Fundi mmoja wa visima, mzee ninayemheshimu, aliposikia kuna kamba za wapanda milima alinijia nyumbani. Akaishika moja, akaivuta kwa mikono miwili, akatabasamu. "Mwanangu, hii naitwaa."

Nikamwambia, mzee, kamba hii haishiki mtu.

Akanitazama. "Nayo hii nishukiayo kila siku, yashika mtu?" Akanionyesha kamba yake. Ilikuwa ya plastiki ya samawati, ile ya kufungia mizigo kwenye lori, imechanua nyuzi kila mahali. "Ipi bora, yako au yangu?"

Ndugu zangu, mngemjibu nini?

Lile ni swali la haki. Yawezekana kabisa kamba ile niliyomnyima ilikuwa na nguvu mara kadhaa kuliko aliyokuwa nayo. Nililala nalo swali lile. Nilichokiona mwishowe ni hiki. Kamba yake mbovu anaijua. Anashuka nayo kwa hofu, ameweka mtu juu, anaikagua, na akisikia mlio anapanda. Kamba yangu angeiamini. Angeiamini kwa sababu ya rangi zake, kwa sababu imetoka mlimani, kwa sababu mimi mtoto wa Langoni ninayening'inia kwenye maghorofa ndiye niliyempa. Angempa na mwanawe. Mwanawe angempa jirani. Baada ya miaka mitatu nani angekumbuka kwamba kamba ile ilikwisha kuachwa mara moja na watu waliokuwa na sababu?

Lakini pia singeweza kumwambia "hapana" halafu nikaenda zangu. Kumnyima mtu kamba na kumwacha na ile ya lori ni kujisafisha mwenyewe tu. Anayeshuka kisimani anastahili kamba mpya. Si mzee yule peke yake, na wagema wanaopanda minazi, na anayepanda mnara wa msikiti kubadilisha taa. Hawa ndio wapanda majabali wetu. Kwa nini wa Nairobi atumie kamba mpya, na wa Shela ashukie aliyoiacha yeye?

Hapo ndipo mpango huu ulipozaliwa, na ndio ninaowaletea leo. Kamba kuukuu zifanye kazi ambazo hazina roho ya mtu. Tutakachopata kwa kazi hizo kinunue kamba mpya kwa wanaoning'inia. Kamba mpya ya kushukia kisimani haitakuwa ya aina hii yenye kurefuka sana. Itakuwa ya aina ninayotumia kazini, inayofuata kanuni ya Ulaya ya EN 1891, ambayo ikipimwa kwa uzito wa mtu haitakiwi kurefuka zaidi ya asilimia 5. Na zitakuwa mbili. Katika kazi yangu hakuna mtu anayening'inia kwa kamba moja: moja ya kazi, ya pili ya kumdaka, na kila moja imefungwa mahali pake. Fundi wa visima naye atashuka kwa mbili. Nitamfundisha mwenyewe, na yeyote anayetaka.

Sasa tuje kwenye kazi. Kazi zipo nyingi, na hapa mimi ndiye mwanafunzi.

Nilidhani kazi ya kwanza itakuwa baharini, kwenye tanga. Nikampelekea kipande nahodha mmoja wa Shela, nikamwuliza kama chafaa kwa jarari, kamba ya kupandishia foromali, ule mti unaobeba tanga. Akakikanyaga upande mmoja, akakivuta mara moja tu, akanirudishia. "Kamba hii yavutika, mwanangu. Foromali itashuka, tanga litalegea, na upepo utatutoka." Mara moja tu! Yale mambo ya asilimia niliyoyasoma kwenye makaratasi, mzee aliyajua kwa mguu na mkono. Basi jarari hapana, henza hapana, demani hapana. Popote nahodha anapotaka kamba ikae kama alivyoikaza, kamba hii haifai. Nyongeza kidogo: nailoni hufyonza maji, na ikilowa hupungua nguvu.

Lakini nahodha yuleyule akaniambia jambo jingine. Wakati wa kusi, upepo ule wa kusini, mashua zikiwa zimefungwa gatini hazina watu, mawimbi huzivuta na kuziachia, huzivuta na kuziachia, mpaka kamba inang'oa pete au inapasua ubao. Pale, akasema, kamba yenye kurefuka ingekuwa rehema. Kipande kifupi kiungwe katikati ya kamba ya kufungia, na kamba ya kawaida ipite pembeni ikiwa imelegea kidogo, ili kipande kikikatika mashua isiende na maji. Tumejaribu kwenye mashua za hapa na zinatulia. Masharti yake yako wazi. Chombo kisiwe na watu. Kipande kisigusane na matumbawe wala chuma chenye makali. Kila kusi likiisha kibadilishwe. Na kisiwe amari, kamba ya nanga. Mkiwa mmetia nanga usiku nje ya mkondo, mmelala ndani, hapo kamba imeshika watu. Na kamba hii je?

Haishiki mtu. Ahsanteni.

Kazi ya pili ni dafrao, ule mto wa kukinga ubavu wa mashua usigonge gati, na hii naipenda kuliko zote. Tazameni gatini. Tumetundika matairi. Tairi linafanya kazi, siwezi kusema halifanyi, lakini linaacha weusi kwenye mbavu za mashua iliyopakwa mafuta vizuri, na maji ya mvua yanatuama ndani yake mbu wakazaa. Dafrao ya kamba hutengenezwa hivi: vipande vya kamba vinakunjwa na kufungwa pamoja kuwa mtutu mnene kama paja, kisha kwa juu vinasukiwa gamba la kamba nyingine. Mama zangu wa Matondoni, mnaosuka ukili tangu mkiwa wasichana, mlipoonyeshwa ya mfano mliigeuza, mkaicheka ilivyolegea, na mkasuka ya kwenu iliyokaza kuliko ile ya kitabuni. Imetundikwa hapa gatini tangu kaskazi iliyopita. Nendeni mkaione mkitoka hapa. Ikipigwa na mashua inabonyea na kurudi.

Mama mmoja akagundua na lingine ambalo sikulifikiria. Alikivuta kiini chote kikatoka, akabaki na ala tupu, mfuko mrefu laini. Akauvisha kwenye kamba ya punda wake, pale inapopita juu ya pua. Wenye punda mnajua kidonda cha kamba. Kamba nyembamba ya plastiki inakata ngozi, mnyama anavimba, nzi wanaingia, halafu mnampeleka hospitali ya punda na siku za kazi zinapotea. Ala hii ni pana, haina makali. Muioshe tu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, muianike kivulini, kwa sababu mchanga ulioganda ndani utakwaruza upya. Na ule uzi mweupe wa kiini hautupwi, unashonea shogi, ile mikoba ya mizigo ya mgongoni mwa punda.

Kisha kuna mazulia ya mlangoni, vishikio vya madumu ya maji, kamba za kuanikia nguo, wavu wa kubebea nazi. Sitazimaliza. Nitasema tu kuhusu moto, kwa sababu nimeona watoto wakichezea. Ncha ya nailoni inafungwa kwa kuyeyushwa, na nailoni ya aina hii huyeyuka kwenye nyuzi joto 220 hivi. Tone lake likidondoka mkononi halipangusiki, linaganda na kuondoka na ngozi. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima, nje, kwa kisu kilichopashwa moto, upepo ukiwa mgongoni.

Na kila kamba kabla haijatoka hapa inakatwa. Hakuna kipande kitakachozidi mita 3. Kila kipande kitapakwa rangi nyeusi ncha zote mbili na katikati. Mtu ataniambia, vipande vyaweza kuungwa. Ni kweli, lakini atakayefanya hivyo atakuwa anafunga fundo juu ya weusi kila hatua, na sote tuliopo hapa tutakuwa tunajua maana ya weusi huo. Mkimwona mtu amejifunga kamba yenye weusi, mwambieni ashuke. Hata kama ni mkubwa kwenu.

Wazee wangu, sasa niseme la mwisho, nalo ni zito. Kazi zote hizi zikiisha, kamba inakwenda wapi?

Mababu zetu hawakuwa na swali hili. Kumbi lilifukiwa kwenye tope la ufuoni hadi nyama yake ikaoza, likapondwa, usumba ukasokotwa. Mitepe, vyombo vyetu vya kale, ilishonwa kwa kamba hizo, na vyombo vilivyoshonwa viliandikwa habari zake katika pwani hii na wasafiri Wagiriki karibu miaka 2,000 iliyopita. Kamba ya usumba ikichakaa, ilirudi kuwa udongo. Hii hairudi. Inakatika vipande, vipande vinakuwa nyuzi, nyuzi zinakuwa vumbi, na vumbi lile bado ni nailoni.

Kuna jambo jingine. Kijana, leta ile ndoo. Tazameni. Kipande hiki ni cha kamba ya plastiki ya dukani. Nakitia majini: kinaelea. Hiki ni cha kamba ya kupandia. Nakitia, nakibinya hewa itoke: kinazama. Mnaona? Kamba inayoelea bahari huitoa ufuoni, na siku ya kusafisha ufuo tunaiokota. Nailoni tukiipoteza hatutaiona tena. Inakwenda chini, kwenye matumbawe na kwenye nyasi za bahari, kule kasa na nguva wanakolisha. Kule Kiunga, ambako bahari ni hifadhi tangu mwaka 1979, ni miongoni mwa mahali walikobaki wanyama hao. Kamba itanasa hapo, na nyavu zilizopotea zitanasa kwenye kamba. Wavuvi mliopo hapa mmekwisha kuzipandisha nyavu za namna hiyo zikiwa na samaki waliooza ndani. Sihitaji kuwaeleza.

Mtasema: si tunao mafundi? Si Ali Skanda na wenzake walijenga hapahapa Lamu jahazi la Flipflopi kwa tani 10 za taka za plastiki na malapa 30,000, likashushwa majini Septemba 2018, na mwaka 2019 likasafiri kilomita 500 hadi Zanzibar? Walijenga, na kila nikisimama mbele ya wageni nalitaja kwa fahari. Lakini plastiki si moja. Ya madumu huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, nailoni bado ni ngumu kabisa pale. Ukizitia chungu kimoja hazishikani, na ubao wake utapasuka. Kwa hiyo tusiwabebeshe mafundi wetu mzigo usio wao.

Nailoni ina njia yake. Kampuni ya Aquafil ya Italia, kwenye kiwanda chake cha Ljubljana, Slovenia, inachukua nailoni kuukuu za nyavu na mazulia, inazivunja hadi zirudi kuwa ile kemikali zilizotokana nayo, kisha inasokota uzi mpya. Imekuwa ikiuza uzi huo kwa jina la Econyl tangu 2011. Kampuni ileile ya Edelrid niliyoitaja mwanzo imetoa kamba ya kupandia ambayo nusu ya malighafi yake ni kamba zilizorejelezwa. Yaani kamba imerudi kuwa kamba. Inawezekana! Ila haiwezekani hapa kwetu leo, na kilo chache kutoka Lamu hazitajilipia nauli ya kwenda Slovenia. Kamba ya mita 60 ina kilo 4 hivi tu.

Ndiyo maana nimewawekea masharti wapanda milima wa Nairobi, tena kwa barua. Sitapokea kamba isiyo na historia: ilinunuliwa lini, ilidaka mara ngapi, kwa nini imeachwa. Sitapokea iliyogusa kemikali, kwa sababu hiyo haifai hata kwa punda. Sitapokea zaidi ya tunazoweza kuzipatia kazi. Tumejionea kwenye mitumba jinsi zawadi inavyogeuka jalala, nguo nzuri juu ya robota na matambara chini, na matambara yanabaki kwetu. Lamu haitakuwa mahali pa kumalizia kamba za watu. Na wao wamekubali sharti la nne: mabaki yote ya mwisho yatarudi kwao Nairobi kwa gharama yao. Nchi hii ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka anayeingiza bidhaa sokoni abebe dhamana ya taka yake. Wanaoingiza kamba wana maduka yao kulekule Nairobi, na wapanda milima ndio wateja wao. Wao ndio wakawadai.

Kwa upande wetu, yatakayotakiwa ni haya. Magunia mawili yatakaa hapa Ngomeni kwenye kivuli, moja Matondoni, moja Shela. Kila kinachobaki, hata kiwe kirefu cha kidole, hata mabaki ya kuyeyusha ncha, kinaingia humo. Dafrao ikichakaa inarudi humo. Hatamu ya punda ikikatika inarudi humo. Atakayeleta kipande kilichokwisha atapewa kipya bila malipo, na asiyerudisha hatauziwa kingine. Daftari la mauzo litakaa kwa mama wa Matondoni wanaosuka, na kila mwezi litasomwa hapahapa mbele ya watu: kilichouzwa, kilichobaki, kilichowekwa kwa ajili ya kamba mpya za visima.

Kamba mbili za kwanza za EN 1891 zimeshaagizwa. Mzee wangu wa visima, najua umekaa kule nyuma. Ile ya samawati uje nayo siku hiyo. Tutaikata mimi na wewe.

Nimemaliza. Maswali yaanze na mama zetu wa Matondoni, maana maji yanakupwa na mashua yao haitangoja.